Siku Mtungi Alipokasirika

Mdogo wangu analipwa mshahara kwa kunyamaza. Nikisema hivyo hapa saluni wateja wangu wanacheka, wanadhani namteta. Simteti. Namsifu, ila sifa zangu mimi hutoka na miiba yake, ndivyo nilivyoumbwa. Yeye ni mshauri nasaha kwenye kituo cha afya, mimi ni msusi. Yeye anashika vichwa vya watu kwa ndani, mimi navishika kwa nje, na jioni sote wawili tunaumwa mgongo.

Nyumbani jina lake ni Mtungi. Marehemu mama yetu ndiye aliyempa, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mtu wa baridi, umwinamishe, umtikise, hamwagiki. Mimi niliitwa Pilipili, na hapo sihitaji kueleza. Nikianguka, mtaa mzima ulijua. Mtungi akianguka alijifuta vumbi, akatazama kwanza kama mama ameona, na kama ameona alitabasamu. Mama anamvuta kifuani: "Huyu ndiye mwanangu! Halii, hadai, hasumbui." Mimi nilipata kofi, halafu uji. Yeye alipata sifa. Na mama hakuwa mbaya, jamani. Alikuwa peke yake na watoto wawili, na mtoto asiyelia ni mapumziko ya mzazi. Lakini mtoto naye ni kifaranga, anarudi pale alipookota punje. Mtungi akajifunza kwamba ukitaka kupendwa, usisumbue. Akakua hivyo, akaolewa hivyo, akafiwa na mume hivyo hivyo. Kwenye msiba wa mumewe, yeye mfiwa ndiye aliyekuwa akipita kuuliza watu kama wamepata chai.

Chumba chake cha kazi nakijua, pazia lake nilimchagulia mimi. Kina viti viwili vya urefu mmoja, maana anasema mtu hawezi kufunguka akiwa anatazama juu. Havikuwekwa uso kwa uso, vimegeuzwa kidogo pembeni, ili mgeni akitaka kutazama dirishani atazame bila kuonekana mkosa adabu. Meza ameisukuma ukutani. Karatasi za kufutia machozi ziko upande wa mgeni, asihitaji kuomba. Hapo ndipo anapokaa siku nzima na watu wenye mambo yao, na hawaambii la kufanya.

Ndiyo, hawaambii! Malalamiko yanafika kwangu. Mama mmoja nilikuwa namsuka, akafoka mpaka nikakosea mstari. "Mdogo wako ni mshauri gani asiye na ushauri? Nimemwuliza, nimwache mume wangu au nisimwache? Ananiambia, 'Naona umechoka kubeba swali hilo peke yako.' Mimi nilitaka jibu!"

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikalia."

"Na sasa?"

"Sasa kesho narudi tena," akasema, amenuna.

Kulikuwa na dereva wa lori pia, baba mtu mzima, aliyefiwa na mke. Mtungi hasemi habari za wageni wake hata umminye, ila huyu alinisimulia mwenyewe alipomleta bintiye kusukwa. Alikwenda kule akakaa, hakusema neno. Mtungi naye hakusema neno. Wakaagana. Akarudi, ikawa vile vile. "Nilikuwa namjaribu," dereva akaniambia. "Nilitaka nione atachoka lini na mimi. Hakuchoka. Siku nilipofungua mdomo, nilisema jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mke wangu. Nikamtazama usoni, nione kama amenidharau. Wala. Nilitoka pale nikajua naweza kurudi nyumbani nikapika." 

Siku moja namfumua Mtungi mwenyewe, nikamchokoza. "Hebu nifundishe kazi ya kukaa tu nami nilipwe."

Akacheka. "Dada, hizo nywele unazofumua, nani anaziotesha?"

"Zinaota zenyewe."

"Sasa wewe kazi yako nini?"

"Nisizivute sana. Nisiziunguze kwa dawa. Nizipake mafuta."

"Basi, na mimi ndiyo hiyo hiyo. Mtu ana mzizi wake unaotaka kuota. Ukimpa mahali asipovutwa wala kuunguzwa, ataota, tena kuelekea kwake, siyo kwangu." Akaongeza, "Na wale wateja wako wanaokuja na picha?"

"Ooh, wa picha! Ana nywele laini na uso wa mviringo, analeta picha ya kichwa cha mtu mwingine kabisa, nikimaliza anakitazama kioo amenuna, eti sifanani."

"Na kwangu wanakuja na picha. Kila mmoja ana picha ya yule ambaye alitakiwa awe. Mtoto mwema, mume asiyelia, mke anayevumilia. Anajilinganisha nayo kila asubuhi, na kila asubuhi anajichukia. Mimi sipiganii picha. Namtazama tu huyo aliyekuja, mpaka na yeye athubutu kujitazama."

Akaniambia pia habari ya mkufunzi wao, mzee mfupi ambaye alikuwa akisimama katikati ya darasa badala ya mbele. Mzee aliwaambia kazi yao inakaa juu ya mafiga matatu. Umsikie mtu mpaka uione dunia kwa macho yake, lakini usisahau njia ya kurudi kwenye macho yako. Umpokee bila masharti, siyo "nitakupenda ukifaulu" wala "nitakupenda ukiacha pombe". Na la tatu uwe mkweli, yaliyo ndani yako na yanayoonekana nje yawe kitu kimoja, usimvalie mtu uso. "Na mafiga mawili hayainjiki chungu," mzee akawaonya. Mtungi aliyahesabu kwa vidole. Mawili ya kwanza alikaa nayo mpaka nywele upande wa kushoto zikaisha. Hilo la tatu alilitaja akaomba nimpe kioo.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe. Mtungi ana binti mmoja. Tunamwita Kidoti, ana alama nyeusi juu ya mdomo. Mimi ndiye mama yake mkubwa, kwa hiyo ni mwanangu pia, na atakayebisha anikute saluni.

Kidoti alipomaliza shule, mama yake alimwambia maneno matamu kuliko yote ambayo mzazi anaweza kusema: "Soma unachokitaka, mwanangu. Mimi nitakupokea vyovyote utakavyokuwa." Nilikuwepo. Mtoto akasema labda mambo ya umeme, labda kutengeneza mafriji. Mtungi akasema, "Na hiyo ni kazi nzuri," halafu akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Baada ya siku kadhaa mtoto akasema, "Au labda uuguzi." Wewe! Uso wa Mtungi uliwaka. Hakusema lolote la kumlazimisha, hata neno moja. Ila viatu vyeupe vilinunuliwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Kidoti akasoma uuguzi, akawa anakonda kwa heshima zote. Siku za mapumziko alikuwa akijificha kwenye karakana ya fundi friji mmoja, anashika tochi, baadaye akashika bisibisi. Nyumbani kwao friji lilikuwa limekufa. Akamwambia mama yake, "Nikutengenezee?" Mtungi akajibu, "Usijisumbue, mwanangu, halinisumbui." Akalifanya kabati. Akapanga sahani ndani, na mashuka chini kwenye droo za mboga. Nawaambieni, mtoto yule aliumia kwa lile friji kuliko kwa jambo lolote, na mama yake alidhani amemwonea huruma.

Mwaka wa pili Kidoti akaacha chuo. Hakusema mpaka alipokuwa ameshaacha, na hata hapo alianza na fundi na mimi. Siku aliyomwambia mama yake alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa machozi, hata kwa kofi. Mtungi akavuta kiti. Akakigeuza kidogo pembeni. Akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa, akatoa ile sauti ya kule kituoni: "Nasikia kwamba chuo kilikulemea, na hukujua utaniambiaje."

"Mama, mimi siyo mteja wako," Kidoti akasema.

"Naona maneno hayo yana uchungu ndani yake."

Mtoto akachukua begi lake akaja kwangu. Kosa la namna hiyo ni mtu wa kazi ile tu anayeweza kulifanya. Mimi ningerusha kandambili, tukalia, tukala.

Basi Kidoti akakaa kwangu, asubuhi anakwenda karakana, jioni anarudi ana grisi mpaka masikioni. Nilimtania, "Mtungi amezaa friji, ubaridi ni wa ukoo." Alicheka, lakini mama yake hakumtaja. Mtungi alikuwa akituma ujumbe kila jioni: "Nipo ukinihitaji." Kidoti anausoma, anaifunika simu.

Halafu yule fundi akapata kazi ya vyumba vya baridi kwenye mji wa mbali sana, kazi ya mwaka mzima, akataka kuondoka na Kidoti. Safari ilikuwa Jumamosi. "Nitakwenda," mtoto akaniambia. "Mama nitampigia nikifika." Namjua mtu anayeondoka hivyo. Simu ya kwanza inakuwa fupi, ya pili inakuwa ya salamu, na baada ya hapo ni sikukuu kwa sikukuu. Nilikuwa karibu kumwona mdogo wangu akimpoteza mtoto wake wa pekee kwa upole. Nikampigia Mtungi, nikamwambia, "Ijumaa mchana namsuka kwa ajili ya safari. Njoo, na usije na zile 'nasikia kwamba' zako."

Akaja. Kidoti alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Mteja mwingine alikuwa chini ya kikausha nywele. Mtungi akasalimia, akaketi kwenye benchi, mikono mapajani.

Nikaanza mimi, maana subira sina. "Nyie wawili mtaniua kwa presha! Wewe Kidoti, mama yako kakubeba, kakulea peke yake, unataka kupanda gari bila kumuaga, huna haya?" Nikaendelea, nikasema na mengine yasiyohitajika, kitana kikienda na maneno. Nikaona mabega ya mtoto yanapanda. Nikajua nimeharibu zaidi.

Lakini hakunikasirikia mimi. Alimtazama mama yake kwenye kioo. "Unamsikia Mama Mkubwa? Amenigombeza tangu Jumatatu nilipomwambia nasafiri. Kila asubuhi ananigombeza, halafu ananikaangia mayai. Akikasirika najua amekasirika. Akinipenda najua ananipenda. Wewe, Mama, sijui. Unasema unanipokea, na mdomo wako unatetemeka. Ningejuaje lipi ni la kweli?"

Mtungi akavuta pumzi. "Nasikia kwamba..."

"Usisikie!" Kidoti akapiga kelele. "Sema!"

Mikono ya Mtungi ilitoka mapajani na haikuwa na pa kwenda.

"Nimekasirika," akasema, kwa sauti ndogo, akashangaa mwenyewe. Halafu akasimama. "Nimekasirika, Kidoti! Nimekasirika sana!" Akapiga meza yangu kwa kiganja, kopo la mafuta likaruka, vibanio vikatawanyika sakafuni. Yule mteja akatoa kichwa kwenye kikausha. Mimi, mama wa makelele, nikaanza kutafuta kitana kilichokuwa mkononi mwangu.

"Umeniambia mimi wa mwisho! Fundi anajua, Mama Mkubwa anajua, mimi jana yake nimekupigia pasi sare, na chuo umeshaacha! Nilijiona mjinga. Na nikaona aibu, ndiyo, aibu, mimi ninayewaambia watu kutwa wasione aibu! Na naogopa. Unakwenda mbali, umeme, magesi, sijui huko utalala wapi. Na nilikudanganya!" Hapo sauti ikakatika. "Nilikuambia chagua, halafu uso wangu ukakuchagulia. Nilikuona unaniangalia usoni, nikajifanya sijui unatafuta nini. Najua unachotafuta. Nilikitafuta usoni kwa mama yangu miaka yote. Nikaapa wewe sitakuwekea sharti, nikakuwekea lile lile: tusisumbuane."

Kidoti alikuwa amegeuka kwenye kiti, nywele zimemsimama upande mmoja, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidoti chake.

"Kwa hiyo umenikasirikia," akasema.

"Sana."

"Na bado?"

"Bado nini?"

"Bado ni mwanao?"

"We mtoto!" Mtungi akafoka, sijawahi kumsikia akifoka hivyo tangu azaliwe. "Swali gani hilo? Nimekasirika, sijafa!"

Kidoti akacheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya kukitazama, kamasi na yote. Mtungi akamvuta kifuani na kichwa kile nusu, mafuta yakamjaa kwenye gauni. Mimi nikainama kuokota vibanio, maana mtu lazima afanye kitu. Mteja wa kikausha akauliza kama saluni ina karatasi za kufutia machozi.

Nilimalizia kumsuka Kidoti huku mama yake akimshikia nyuzi. Waligombana tena, mara hii kuhusu mahali atakapolala, na ule ugomvi ulikuwa mtamu kuusikia. Alipokuwa anaondoka, Mtungi akaniambia mlangoni, taratibu, "Dada, miaka yote nilikuwa napikia mafiga mawili." Nilikuwa na la kumjibu, tena kali. Nikalimeza.

Jumamosi asubuhi Kidoti alikwenda kwao na mkoba wa vifaa, nami nikamsindikiza; gari la fundi lilikuwa lije kumchukulia hapo. Alitoa sahani kwenye friji, akatoa mashuka kwenye droo, akalivuta kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake. Mtungi akakaa sakafuni, gauni likijaa vumbi, akamshikia tochi. Alikuwa anauliza kweli. "Hii inafanya nini? Na hii mbona nyeusi? Kumbe ndiyo inasukuma gesi?" Kidoti akaeleza bila kuchoka, na mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe, haitafuti. Pale ndipo nilipomwona yule binti kwa mara ya kwanza, nami nimekaa naye nyumba moja. Alikuwa mzima. Hakuwa anamwangalia mtu usoni kujua kama yuko sawa.

Akabadilisha kidude kimoja kidogo, akachomeka waya. Friji likatikisika, likakohoa, likawaka.

Tukasubiri. Mtungi akainamisha kichwa kulisikiliza. Nilijua atakachosema, ningeweza kumsemea: asante mwanangu, zuri sana, usijisumbue tena.

"Linapiga kelele," akasema Mtungi.

Kidoti akageuka.

"Linanguruma sana, Kidoti. Litanisumbua."

Nimeishi na mdogo wangu tangu siku aliyozaliwa, na sijawahi kumsikia akisema kitu kinamsumbua. Kidoti alimtazama mama yake, ana grisi puani, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Haya, mteja wangu," akasema, "tulitazame hilo lako." Akalitikisa, akaona mguu mmoja haujakaa sawa, akakunja kipande cha boksi akakisukuma chini yake. Likatulia.

Nje pikapu ya fundi ikapiga honi. Begi likatupwa nyuma, Kidoti akamkumbatia mama yake, akanikumbatia mimi, akapanda. Na Mtungi akalia. Siyo lile chozi lake la kufuta kwa ncha ya kidole. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, pale mlangoni, majirani wakatoka mmoja mmoja kuuliza nani amefariki, mtaa mzima ukajua. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikakumbuka mimi ni nani, nikamshika tu mkono.

Simu iliita pikapu haijatoka hata mjini. Mtungi akaipokea, akaweka sauti juu ili na mimi nisikie.

"Mama, bado unalia?"

"Bado," akasema Mtungi. "Niache nimalize."